Tangi la Samaki Nyumbani: Pima Maji Kwanza, Hesabu Samaki Baadaye

Samaki wanaokufa kwenye tangi la nyumbani kwa kawaida hufa alfajiri. Jioni walikuwa wakiogelea na kula vizuri. Kunapopambazuka, mwenyewe anawakuta wameelea juu, matumbo yakiangalia angani. Mara nyingi wazo la kwanza ni kwamba kuna mtu aliyetia sumu. Lakini sababu huwa ya kawaida zaidi: samaki walikuwa wengi kuliko maji, na usiku hewa ya oksijeni ikawaishia.

Katika Kaunti ya Turkana, kosa hilo lina gharama mbili. La kwanza ni fedha za kununua vifaranga na chakula. La pili ni maji yenyewe. Mkazi wa Lodwar au Kakuma anayefuga samaki kwenye tangi anatumia kitu ambacho jirani yake huenda amekipangia foleni tangu asubuhi. Ndiyo maana kabla ya kuuliza bei ya vifaranga, maswali mawili yajibiwe: tangi ni la ukubwa gani, na ni samaki gani wanaoweza kukaa pamoja ndani yake?

Jinsi ya kupima tangi

Kipimo cha tangi si urefu wake peke yake wala bei yake. Kipimo ni lita za maji yaliyomo. Kwa tangi la pembe nne, zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa mita, kisha zidisha jibu kwa 1,000. Tangi la saruji lenye urefu wa mita 2.5, upana wa mita 2 na maji ya kina cha mita 1 lina lita 5,000.

Kwa tangi la duara, pima kutoka katikati hadi ukingoni. Zidisha kipimo hicho kwa chenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina, na jibu ulizidishe kwa 1,000. Tangi lenye mita 1 kutoka katikati hadi ukingoni na maji ya kina cha mita 1 lina takriban lita 3,140. Pima hadi pale maji yanapofika, si hadi ukingo wa ukuta, kwa sababu samaki hawaishi kwenye ukuta mkavu.

Kina kisipungue mita 1. Maji ya kina kifupi huchemka haraka mchana na kupoa haraka usiku, na mabadiliko hayo huwachosha samaki. Tangi jeusi la plastiki lililowekwa juani hupata joto kali zaidi. Tilapia, ambaye wavuvi wa Ziwa Turkana humwita kokine, hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 25 na 30. Yakipita 35 huanza kudhoofika na kuacha kula, na yakipita 40 anakaribia kufa. Mji wa Lodwar hufikia nyuzi 35 na zaidi mchana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hivyo kivuli juu ya tangi ni sehemu ya tangi, kama ulivyo ukuta wake.

Tangi jipya la saruji lisiwekwe samaki mara moja. Saruji mpya hutoa chokaa inayounguza matamvua, yaani viungo ambavyo samaki hupumulia. Lijazwe maji na kumwagwa mara kadhaa kwa muda wa wiki mbili au tatu. Maji hayo yanaweza kutumika kumwagilia sakafu ya ua ili vumbi litulie.

Samaki wangapi?

Njia rahisi ya kupata hesabu ni kuangalia kipimo ambacho Kenya imekitumia kwa miaka mingi. Katika Mpango wa Kuchochea Uchumi ulioanza mwaka 2009, bwawa la kawaida la mkulima lilikuwa la mita mraba 300, nalo liliwekwa vifaranga 1,000 vya samaki. Bwawa kama hilo likiwa na kina cha wastani cha mita 1 lina lita 300,000. Gawanya kwa 1,000: kila samaki alipangiwa takriban lita 300.

Hesabu hiyo ndiyo inayofaa tangi lisilo na pampu ya hewa wala maji yanayobadilishwa kila mara. Kwa hivyo tangi la lita 5,000 linatosha samaki 16 hivi wa kukua hadi robo kilo kila mmoja. Tangi la lita 10,000 linatosha kama 33. Wengi wakisikia hesabu hii hudhani kuna kosa, kwa sababu vifaranga 200 wenye urefu wa kidole huonekana wachache sana ndani ya tangi kubwa. Lakini kifaranga hapimwi kwa ukubwa wake wa leo. Hupimwa kwa ukubwa atakaokuwa nao siku ya kuvuliwa.

Sababu ya hesabu kuwa kali ni oksijeni. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Lita moja ya maji yenye nyuzi 25 inaweza kubeba takriban miligramu 8 za oksijeni. Ikifika nyuzi 35 inabaki na karibu miligramu 7. Wakati huohuo, mwili wa samaki kwenye joto huhitaji oksijeni zaidi. Mchana, mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku mimea hiyo huacha kutengeneza, nayo huanza kuitumia. Ndiyo maana saa ya hatari ni ile ya kabla ya jua kuchomoza.

Dalili huonekana mapema kwa anayeangalia. Samaki hukusanyika juu ya maji alfajiri wakifungua midomo kama wanaokunywa hewa. Mwenye tangi akiliona hilo, asiwape chakula asubuhi hiyo. Atoe sehemu ya maji ya chini, aongeze maji safi kwa kuyamwaga kutoka juu ili yabebe hewa, kisha apunguze idadi ya samaki.

Pampu ya hewa, ya umeme au ya sola, hubadilisha hesabu. Ikifanya kazi usiku na mchana, na maji yakibadilishwa mara kwa mara, kiwango cha tahadhari kwa anayeanza ni kilo 5 za samaki kwa kila lita 1,000. Hapo tangi la lita 5,000 linaweza kubeba samaki 100 wa robo kilo. Lakini msongamano huo unategemea mashine. Pampu ikizimika usiku bila betri ya akiba, samaki wote wanaweza kufa kabla ya asubuhi. Asiye na uhakika wa umeme abaki na hesabu ya lita 300.

Maji yanayopotea angani

Kuna hesabu nyingine ambayo mkazi wa Turkana hawezi kuikwepa. Ziwa Turkana hupoteza kwa mvuke takriban mita 2.3 za maji kila mwaka. Hiyo ni zaidi ya milimita 6 kwa siku. Tangi lililo wazi nyumbani hupigwa na jua hilohilo na upepo huohuo.

Turudi kwenye tangi la lita 5,000 lenye uso wa mita mraba 5. Likiwa wazi, litapoteza kama lita 30 kila siku, yaani mtungi mmoja na nusu. Katika kambi na makazi ya wakimbizi, kiwango ambacho Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hulenga ni angalau lita 20 za maji kwa mtu kwa siku. Tangi moja lililo wazi hunywa kumshinda mtu mmoja.

Tilapia huchukua miezi 6 hadi 8 kufika robo kilo ikiwa amelishwa vizuri. Kwa miezi 8, tangi hilo litakuwa limepoteza zaidi ya lita 7,000 kwa mvuke peke yake, mbali na maji yaliyobadilishwa. Likiwa na samaki 16 wa robo kilo, mavuno ni kilo 4. Familia inayonunua maji kwa mtungi ifanye hesabu hiyo kwa bei ya mtaa wake kabla ya kununua kifaranga hata kimoja. Mara nyingi itaona kwamba samaki wa sokoni kutoka Kalokol ni nafuu.

Hii haina maana kwamba tangi halifai Turkana. Maana yake ni kwamba linafaa kwa masharti. La kwanza ni kulifunika. Turubai, neti ya kivuli au paa la makuti ya mkoma hupunguza jua na upepo, na hivyo hupunguza mvuke. Kifuniko hicho pia huzuia ndege wanaokula samaki, na muhimu zaidi, huzuia mtoto asitumbukie. Tangi lolote ambalo mtoto anaweza kulifikia liwe na kizuizi.

La pili ni kuyatumia maji mara mbili. Maji yanayotolewa kwenye tangi yana kinyesi cha samaki, na kinyesi hicho ni mbolea. Yakimwagwa kwenye bustani za magunia, ambazo wakazi wengi wa Kakuma na Kalobeyei wamezizoea, hukuza sukuma wiki, mchicha na kunde. Familia ambayo tayari ina bustani haipotezi maji inayobadilisha. Inayapitisha kwa samaki kwanza. Wanaoishi karibu na Mto Turkwel na wenye visima vifupi, pamoja na shule na taasisi zenye visima vyao, wako katika nafasi nzuri zaidi ya kujaribu.

Nani akae na nani?

Kanuni ya kwanza ya kuchanganya samaki ni ya mdomo. Samaki yeyote anayeweza kuingia katika mdomo wa mwenzake ni chakula, hata kama walinunuliwa siku moja na kusafirishwa katika mfuko mmoja. Kwa hiyo ukubwa huangaliwa kabla ya aina.

Tilapia kwa tilapia hukaa vizuri, lakini wakiwa wa kiume na wa kike pamoja huleta tatizo la kuzaana. Jike huanza kuzaa akiwa bado mdogo, na huyalinda mayai na watoto wake mdomoni. Baada ya miezi michache tangi huwa na mamia ya samaki wadogo wanaogombania chakula na hewa, na hakuna anayefika ukubwa wa kuliwa. Dawa moja ni kununua vifaranga vya kiume pekee kutoka kwa mzalishaji anayeaminika. Madume pia hukua haraka kuliko majike.

Dawa ya pili ni kumweka kambare. Kambare mmoja kwa kila tilapia 10 hula watoto wanaozaliwa na kuacha nafasi kwa wakubwa. Katika tangi la lita 5,000 lisilo na pampu, hiyo ni tilapia 14 au 15 na kambare mmoja au wawili. Sharti ni kwamba siku ya kuwekwa, kambare asiwe mkubwa kuliko tilapia. Kambare wa sentimita 10 akiwekwa na tilapia wa sentimita 3, atakula vifaranga vyenyewe badala ya watoto wao. Tena kambare hukua haraka, hivyo achunguzwe kila mwezi, na akianza kuwazidi sana wenzake atolewe.

Kambare wenyewe kwa wenyewe wanaweza kufugwa peke yao, mradi wote wawe wa ukubwa mmoja. Wakitofautiana, wakubwa huwala wadogo, kwa hiyo hutenganishwa kila baada ya wiki chache. Kambare ana faida kubwa katika nchi ya joto: mbali na matamvua, ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Alfajiri ambayo tilapia wangekufa, yeye hupanda juu, huvuta hewa na kushuka. Kwa tangi dogo lisilo na pampu, kambare wa ukubwa mmoja ni chaguo salama kuliko tilapia. Lakini tangi lake lazima lifunikwe vizuri, kwa sababu huruka na hata kutambaa nje usiku.

Kabla ya kumchagua, mfugaji aulize soko lake. Lodwar na Kakuma zina walaji wa asili nyingi, na wapo ambao kwa imani au desturi hawali samaki asiye na magamba. Samaki asiyenunuliwa ni hasara hata akinenepa.

Samaki ambao hawafai kuwekwa na wengine ni sangara, ambaye huku huitwa iji, na wengine wawindaji wenye meno makali wanaovuliwa ziwani. Sangara huhitaji maji mengi yenye oksijeni nyingi, na hula karibu kila kinachopita mbele yake. Kuchota samaki wachanga ziwani au mtoni na kuwatia tangini pia si vyema. Mfugaji huwa hajui amebeba aina gani, wala wamebeba ugonjwa gani.

Samaki wa mapambo

Kanuni zilezile huongoza samaki wanaofugwa kwa kutazamwa, katika hoteli, ofisi au sebuleni. Mmoja anayependwa duniani ni oska, samaki wa rangi ya chungwa na nyeusi ambaye asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini hukua kupita sentimita 30. Oska mmoja mkubwa anahitaji takriban lita 300 za maji na chujio lenye nguvu, kwa sababu huchafua maji sana. Tangi dogo la kioo la juu ya meza halimtoshi.

Akiwekwa na samaki wadogo wa mapambo, atawala. Akiwekwa na mwenzake katika tangi dogo, watapigana. Asiye na tangi kubwa amfuge peke yake, au achague samaki wadogo wasiokua.

Hatari kubwa huja pale mwenyewe anapochoka naye na kufikiri kumwachilia Mto Turkwel. Kilichotiwa Turkwel kinaweza kufika Ziwa Turkana, na historia inaonyesha jinsi samaki mgeni anavyoweza kubadili ziwa zima. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara walipelekwa Ziwa Victoria, wengine wao kutoka Ziwa Turkana hili. Kwetu waliishi na samaki waliozoea kuwakwepa. Kule walikuta samaki wadogo wa asili wasiowajua. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wametanda. Walileta biashara kubwa ya minofu ya kuuzwa nje, lakini aina nyingi sana za samaki wa asili zilitoweka au kubaki chache. Kosa la kuchagua mwenza tangini hugharimu samaki wachache. Ziwani halirekebishiki.

Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inadhibiti uingizaji wa samaki hai. Asiyemtaka samaki wake tena ampe mfugaji mwingine au aulize ofisi ya uvuvi.

Siku ya kuwaleta

Safari ya kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120, na vifaranga wengi hufa njiani. Wasafirishwe usiku au alfajiri, katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni ya kutosha, wakiwa hawajalishwa siku hiyo. Wakifika, mfuko uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha maji ya tangi yaongezwe kidogo kidogo ndani ya mfuko, na samaki waachwe watoke wenyewe.

Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku moja au mbili kabla ya kutumiwa. Maji mengi ya visima vya Turkana yana magadi, na katika maji ya namna hiyo yenye joto, amonia inayotoka kwenye kinyesi huwa sumu kali zaidi. Njia ya kuizuia ni kutolisha kupita kiasi. Chakula kisicholiwa ndani ya dakika 15 kitolewe, na sehemu ya kumi hadi ya tano ya maji ibadilishwe yanapoanza kunuka au kugeuka kijani kizito.

Maswali ya kujibu kabla ya kununua

Tangi lina lita ngapi za maji, na ukigawanya kwa 300 unapata samaki wangapi? Maji yanayopotea kila siku yatatoka wapi, hasa wakati wa kiangazi? Je, kuna kivuli na kifuniko kinachomlinda mtoto? Samaki wote ni wa ukubwa unaolingana? Pampu ikizimika usiku, kuna akiba? Maji machafu yatamwagilia nini? Na samaki akikua, nani atamla au kumnunua?

Mkazi anayeweza kuyajibu yote yuko tayari kuanza, na aanze na samaki wachache. Aliyekwama kwenye swali la maji asubiri, au ajiunge na shule, kikundi au jirani mwenye kisima. Maafisa wa uvuvi katika ofisi za kaunti ndogo, Turkana ya Kati kwa wakazi wa Lodwar na Turkana Magharibi kwa wakazi wa Kakuma, ndio wa kuulizwa kuhusu wazalishaji wa vifaranga walioidhinishwa na kuhusu ubora wa maji ya kisima kabla ya fedha kutumika.